Nyumba Hii Msimuuzie Mtu wa Hoteli

Sikilizeni, wanangu. Septimiu, sogeza kiti; Lucreția, kaa hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na basi lenu la jioni halimngojei mtu anayekufa.

Mashamba ya nyasi na miti ya plamu ni yenu, gawaneni kwa amani. Lakini nyumba hii msimuuzie yule mtu wa hoteli anayeitaka. Tangu shule yetu ifungwe, watoto watatu waliobaki kijijini husomea hapa, kwenye meza yangu ya ugali, na nyumba ikiuzwa wazazi wao watahama kabla theluji haijaanguka, tubaki kijiji cha mbwa na vikongwe.

Mnajua ninavyofundisha, kwani nanyi niliwapeleka msituni. Nyegere ni nomino, ana jina lake na shimo lake. Mbweha ni kiwakilishi, huhamia shimo la nyegere akakaa humo kama mwenyewe. Dubu ni kitenzi, akilala yeye, msitu mzima umelala. Jirani yetu Toader alinicheka miaka na miaka. "Mwalimu Leontina, leo umewafundisha kubweka?" ananiuliza ng'ambo ya ua, nami namjibu, "Wewe hukuhitaji mwalimu." Kwa maneno hayo tukanyimana salamu hata kanisani. Ila mlipokwenda Italia, ni yeye aliyenipasulia kuni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ugomvi wetu nauzika pamoja nami, msije mkaufukua, na ufunguo wa ghala mpeni yeye.

Siwalaumu. Nimewafundisha watoto wa bonde zima kutunga sentensi, wakazitumia kuombea kazi mbali. Lakini nimekuwa mpweke, wanangu, na leo nasema wazi. Jumapili nilikuwa nikisahihisha madaftari niliyokwisha kuyasahihisha, ili nyumbani pasikike angalau sauti ya kalamu.

Lucreția, wewe ndiwe uliyelala kifudifudi mbele ya shimo la nyegere, ukakataa ugali, ukakataa kurudi, mpaka mnyama atoke. Kesho asubuhi watoto watagonga. Msiwafukuze kwa ajili ya maiti. Wape chai na mkate, kisha wafundishe. Sikuombi ubaki maisha. Mpaka theluji iyeyuke tu, apatikane mwalimu mwingine. Najua una kazi huko. Nakuomba hata hivyo.

Septimiu, nizikeni kando ya baba yenu. Ngano ya matanga ya kuwagawia waombolezaji ipikwe tamu, na padri asihubiri sana, watu wasije wakaugua kwa baridi.

Mungu awape nyumba zenye kelele, wanangu. Awape... ngojeni, pumzi. Awape watu wa kula nao. Mkono wangu wa kuwabariki hauinuki, uinueni ninyi... hivyo.

Nani anasogea? Ni wewe, Lucreția? Basi linakaribia kuondoka, mbona unavua koti?

Haya. Litundike pale, nyuma ya mlango.