Nesi Somoe na Dawa Iliyogawanywa

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Wazee wangu wa Maguu, wa Ukata na kule ziwani, shikamooni. Anayezungumza nanyi ni Flavia. Leo tunamkumbuka nesi Somoe, tuliyemzika Jumanne hapa Mbinga. Nesi Somoe, mke wa Mzee Masoudi wa duka la vitambaa.

Wengi mnaukumbuka ukali wake. Ukichelewa kliniki, alikutazama juu ya miwani mpaka ukajuta. Alitoka Kilwa akiwa binti, akapangiwa zahanati moja ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Akija huku Mbinga aliilalamikia baridi, kisha akajenga hukuhuku. Mzee Masoudi anasema, "Mke wangu alivaa sweta hata akiwa jikoni."

Miaka minane iliyopita, zahanati ile ilipokea utafiti wa dawa ya nimonia kwa watoto. Mimi nami niliishi hukohuko, na mwanangu Rodrick alikuwa na miaka miwili. Swali la utafiti lilikuwa hili: mtoto apewe dawa siku tatu, au siku tano? Siku tatu za kwanza, watoto wote walipewa dawa. Kwa siku mbili za mwisho, kila mama alipewa chupa. Nyingine zilikuwa na dawa, nyingine maji ya sukari tu. Kwa macho zilifanana.

Nesi Somoe alimwambia kila mama kabla hajasaini, "Hata mimi sijui mwanao kapata ipi. Ukikataa, nitamtibu vilevile."

Sasa, wasikilizaji, mnawajua watu wa ziwani. Mama Asteria na jirani yake Stella waligawana samaki wa usipa, wakagawana unga, wakagawana hata kuni. Wakaona mmoja wao huenda kapewa maji matupu, na mtoto wake ataonewa. Wakamimina chupa zote mbili kwenye sufuria moja, wakakoroga, wakagawana nusu kwa nusu.

"Nilimweleza nesi mwenyewe," Mama Asteria aliniambia msibani. "Nilidhani atanisifu. Akakaa chini mkekani, akatoa fomu ya utafiti."

Watoto wote wawili walikuwa wamepona. Fomu iliuliza kama mtoto alipewa dawa kama ilivyoelekezwa. Mfanyakazi mwenzake pale zahanati akamshauri Somoe aandike ndiyo, yaishe. Binti yake, Kauthar, anakumbuka jibu la mama yake: "Hawa wamepona. Lakini kwa jibu hili atatibiwa mtoto wa kata ya Ruanda nisiyemjua."

Akaandika hapana. Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza upya. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamegawana dawa. Kumi na mmoja. Wakaondolewa kwenye hesabu, ila matibabu yao yakaendelea. Kina mama wengine walimnunia mwezi mzima, wakisema amewachongea.

Alifika na kwangu. Akaniuliza, "Flavia, Rodrick alikunywa chupa yake yote, peke yake?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, dada.

Wasikilizaji wapendwa, nilidanganya. Nami nilikuwa nimegawana na jirani. Nilikuwa nimesoma, nimeanza kuiletea redio hii habari za ziwani, nikaona aibu kuonekana sikuelewa maelezo. Fomu ya Rodrick ilibaki, ikahesabiwa pamoja na za kweli. Miaka yote hii nimekutana na nesi Somoe sokoni. Shikamoo dada. Marahaba Flavia, Rodrick hajambo? Hajambo. Na kila mara nikajiambia, nitamweleza siku nyingine. Inaniuma sana.

Mzee Masoudi, Kauthar na familia yote, poleni. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna jibu la uongo mlilompa mtu wa afya kuhusu mtoto wenu, mrudieni angali hai. Mimi jana nimewaandikia watafiti wale barua, nikaeleza yote.

Na kwako, dada Somoe. Lile swali uliloniuliza mara mbili, jibu lake ni hapana.