Mvua ya Mawe Upande wa Kushoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitika "Amina," na nimeisikia pande zote mbili. Kwenu ni jambo la kawaida. Kwangu ni muujiza!

Tangu utotoni sikio langu la kushoto lilitoa usaha. Nyumbani tulitia maziwa ya moto moto kutoka kwa ng'ombe, tukiamini kwamba usaha ukitoka, ugonjwa nao unatoka. Haukutoka. Mvua ya mchana iliponikuta nikichuma chai, sikio lililoa na kunuka. Kwenye kwaya nilisimama pembeni kabisa, harufu iende ukutani. Hata mwanangu Kibet alizoea kuzunguka kulia kwangu kabla ya kuniita.

Siku moja nilikuwa nimeinama kwenye kituo cha kuuzia chai, kikapu bado mgongoni, nikichambua majani kabla ya kupimiwa. Lori likarudi nyuma, dereva akapiga honi. Sikusikia! Jirani yangu Chelangat alinivuta kwa kamba ya kikapu, tukaanguka pamoja kwenye matope.

"Mama Kibet! Ukitaka kufa, weka kikapu chini kwanza, majani yasipotee!"

Watu walicheka. Nikacheka nao, kisha nikalia.

Kesho yake Chelangat alinipeleka hospitali. Daktari alichungulia, akasema ngoma ya sikio ina tundu, na maziwa na mvua vimekuwa vikipita hapo.

"Mama, maziwa weka kwa chai," aliniambia.

Alinipa dawa ya kukausha sikio kwanza. Baadaye angechukua utando mdogo kutoka juu ya sikio langu mwenyewe, azibe lile tundu. Hakunificha kwamba kiraka chaweza kukataa kushika.

Wapo walioniambia kwamba kupasuliwa ni kukosa imani. Ndugu zangu, juu ya meza ya upasuaji niliomba kuliko siku zote! Aliyeniumbia utando ule alijua utahitajika wapi.

Nilikatazwa kulowesha sikio, kupenga kamasi kwa nguvu na kubeba kikapu. Chelangat alinichumia chai yangu. Daktari alipotoa pamba ya ndani alisema kiraka kimeshika, lakini bado nilisikia kama mtu aliye chini ya blanketi. Nikangoja, nikiogopa.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya mvua ya mawe. Mnakumbuka! Mchungaji alinyamaza katikati ya mahubiri, nanyi mkatazamana, mkiwaza majani yanavyochanika shambani. Mimi niliziba sikio la kulia kwa kiganja. Mabati yalinguruma kushoto! Nikapiga kigelegele.

Chelangat akanifinya. "Nyamaza! Watu wanapoteza chai!"

Hata yangu ilipigwa, ndugu zangu, na bado nilishangilia!

Asante Yesu! Leo nimeimba katikati ya kwaya. Na wewe uliyejificha pale nyuma na pamba sikioni, mtumaini Mungu, usione haya. Ningoje mlangoni baada ya ibada. Nitasimama upande wako unaosikia, tupange siku ya kwenda kwa daktari.