Bakuli la Bluu Nyuma ya Jiko

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe Yeye asiyeogopa kukaa na mtu aliyetengwa!

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Eliza wa Nzuguni, niliyekuwa nasonga ugali kwenye misiba na harusi za kanisa hili. Mwaka juzi macho yangu yaligeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, nikachoka hata kuinua ndoo. Mtaani wakasema ni homa ya ini, inaambukiza. Basi! Siku moja msibani dada mmoja akaniondolea mwiko mkononi. "Pumzika, mama." Nikajua kabisa hayo siyo mapumziko.

Sisi Wagogo mlenda, ile mboga ya kuteleza, tunaula kwenye bakuli moja, kila mkono unachovya. Mama mkwe wangu akaninunulia bakuli langu, la bluu. Simlaumu, aliwahofia wajukuu zake. Lakini jamani, mlenda wa peke yako hauna ladha! Nilikula nyuma ya jiko, nikiwasikia wanangu wanacheka ndani. Nililia mpaka nikazoea.

Sasa sikieni ujinga wetu. Mama mkwe huyohuyo alinipeleka kwa mganga nikachanjwe tumboni, na wembe ulikuwa mmoja kwa foleni nzima! Bakuli tuliliogopa, wembe hatukuuogopa. Nami nilinyamaza, nikachanjwa.

Tumbo likavimba, nikaishia hospitali. Nikapimwa virusi vya homa ya ini, nikapimwa tena baadaye. Havikuwepo! Daktari akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayolishambulia ini. Akaongeza kwamba hata mwenye homa ya ini B, kula naye bakuli moja hakumwambukizi mtu. Ndugu zangu, miezi minane! Miezi minane nimekula peke yangu bure!

Nikarudi na karatasi ya majibu, nikamweleza mama mkwe. Kusoma hajui. Akaigeuzageuza, akaiweka chini. Kisha akanawa, akanifuata nyuma ya jiko, akakaa chini na magoti yake mabovu, akachovya tonge kwenye bakuli langu. Nami nikachovya naye, huku nalia. Siku ile ndiyo nilifunguliwa!

Vidonge nameza kila siku na kliniki siachi. Mungu aliyenipa pumzi ndiye aliyenipa daktari. Mtumainini, na mkapime.

Lakini nisiwadanganye mbele za Bwana. Tangu niinuke kitandani, hakuna aliyenirudishia mwiko. Mnanipa mkono, mnaniombea, halafu mnakula kwingine. Upweke huo bado ninao.

Kwa hiyo leo nimesonga bila kuombwa. Ugali na mlenda viko pale nje, upande wa kivuli, na bakuli ni lile la bluu. Maji ya kunawa yapo. Ibada ikiisha, mimi na mama mkwe tutakaa pale, hatutaanza kula. Tutawasubiri.