Bi. Kirubai Ponnudurai, Aliyeirudisha "Mvua ya Udongo Mweusi"

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wa Nalattinputhur na wa Kovilpatti mjini, wafanyakazi wa jumba la sinema la Ponmalar, nanyi nyote mlioacha viwanda vya viberiti na maduka yenu Jumatatu hii, mimi ni Samadhanam, mdogo wake marehemu, na kabla sijasoma mwaka aliozaliwa wala shule aliyosoma inanipasa niseme jambo moja, kwa sababu nikilificha, haya mengine yote yatakuwa nusu ya ukweli. Mwezi wa Agosti 1991 dada yangu alikuwa hospitalini Vellore na binti yake, akaniachia mimi funguo za Ponmalar, na mimi nilikuwa nimeokoka wiki chache tu kabla, katika mahubiri ya hema, nikiwa bado namwona shetani kila penye taa za rangi, basi nikafungua stoo, nikatoa mikanda yote ya filamu iitwayo "Mvua ya Udongo Mweusi", nikamuuzia mtu wa Madurai aliyekuwa akichemsha mikanda ya zamani ili apate madini ya fedha yaliyomo, na malipo nikayaleta hapa kanisani, yakanunua vipaza sauti. Dada aliporudi nilimwambia wameingia wezi. Nilidhani namtumikia Mungu, kumbe niliiba, kisha nikasema uongo juu ya wizi wangu, na leo naomba msamaha mbele ya jeneza lake na mbele yenu, maana filamu ile haikuwa yake peke yake.

Sasa nisome. Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 kijijini Nalattinputhur, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Masilamani, mkulima wa pamba na karanga, na marehemu Annammal, akabatizwa mwaka huohuo katika kanisa hili, akaanza shule ya misheni ya kijijini mwaka 1954, kisha akapelekwa bweni la wasichana Palayamkottai, alikomaliza darasa la kumi na moja mwezi wa Aprili 1965, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, wakati mimi niliishia la nane, nanyi mtanivumilia nikikosea kusoma.

Katika likizo ya Mei 1963, Kirubai akiwa na miaka kumi na mitano, watu wa sinema walikuja kutoka Madras na magari mawili ya zimamoto, wakayaegesha pembeni mwa shamba la baba, wakaelekeza mipira ya maji juu, wakawaambia watu wa kijiji wakimbie kwenye udongo mweusi wakifurahia mvua, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kufurahi, kwa sababu ardhi ilikuwa imepasuka kiasi cha mguu kuzama. Walikimbia wote, Wakristo na Wahindu, waliokuwa wakiteka maji kisima kimoja na waliokuwa wakikatazwa kukikaribia kwa sababu ya tabaka lao, mama yetu Annammal akiwa na mtungi mikononi, Kirubai nyuma yake, na mimi nilikuwa na surua, nimefungiwa ndani, nikisikia vicheko. Walilipwa wali na nyama ya mbuzi, na majina yao hayakuandikwa popote. Hiyo ndiyo "Mvua ya Udongo Mweusi". Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika, nakala zikawa chache, lakini mwenye jumba la Ponmalar alinunua moja, akawa anaionyesha kila Januari wakati wa sikukuu ya mavuno, na wenye umri kama wangu mnakumbuka namna watu walivyokuwa wakisimama juu ya viti kuonyeshana shangazi zao.

Tarehe 21 Mei 1970 dada alifunga ndoa na marehemu Ponnudurai, mtoto wa mwenye jumba hilo, na ndoa haikupita kirahisi, kwa kuwa baba yetu alisema, "Nimekulipia bweni miaka yote ile ili ukauze tiketi za dhambi?" naye akamjibu, "Baba, nitauza tiketi, dhambi watakuja nazo wenyewe." Mchungaji wa wakati ule naye alikataa kuwafungisha mpaka bwana harusi aahidi kuonyesha picha ya mateso ya Bwana kila Ijumaa Kuu bila malipo, akaahidi, akatimiza, na mchungaji akawa anakaa mstari wa mbele. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jeyaseelan aliyezaliwa mwaka 1972, mhandisi huko Muscat, na Pushpam aliyezaliwa mwaka 1975, mwalimu Madurai, pamoja na wajukuu watano. Shemeji Ponnudurai alifariki tarehe 9 Novemba 1988 kwa ugonjwa wa moyo, na dada akachukua jumba lile mwenyewe, akajifunza kushona pazia lililochanika, kutuliza walevi, na kubishana na wasambazaji wa filamu kwa simu mpaka wao ndio wanaoomba radhi.

Baada ya kosa langu miaka karibu ishirini na mitano ilipita, nami nikawa mzee wa kanisa, nikaheshimiwa. Tarehe 25 Machi 2016, siku ya Ijumaa Kuu, nilikwenda kwake nikamwambia yote, akanitazama, akaniambia, "Kunywa chai yako uondoke," na hakusema nami tena mpaka mvua za Oktoba, alipokuja mlangoni kwangu na mkoba begani, akasema, "Vaa viatu. Unanipeleka kwa huyo mtu wa Madurai."

Tulikwenda. Yule mtu alikuwa amekufa, mwanawe akatuambia kwamba filamu zote za baba yake zilichemshwa, na plastiki iliyobaki ikauzwa kwa watengeneza bangili, na mimi nikalia palepale dukani, lakini dada akamuuliza kijana, "Baba yako alinunua pia kutoka kwa wasambazaji wa nje?" na alipojibiwa kwamba hapana, wa nje walikuwa wakituma nakala zao kwa meli ng'ambo, Penang, kwenye mashamba ya mpira walikoishi Watamili wenzetu, na hazikuwa zikirudi, dada alinigeukia akasema, "Futa machozi, Samadhanam. Haijafa, imehamia."

Kuanzia siku hiyo hakulala juu ya jambo lile. Alipiga simu Penang kila wiki, kwa watu asiowajua, akiomba kuzungumza na yeyote mzee zaidi nyumbani, na wakati huohuo akaanza kazi nyingine ambayo wengi wenu mliicheka, ya kurudisha sinemani filamu za zamani, kwa sababu alisema, "Nikiipata leo nitamwonyesha nani? Vijana hawajui kukaa mbele ya picha isiyo na rangi. Lazima niwalee watazamaji kwanza." Filamu ya kwanza aliirudisha mwaka 2017, wakaja wazee tu, wakalala chini ya feni. Ya pili walikuja vijana wa chuo, wakacheka pale mama wa kwenye picha alipolia, na mfanyakazi wake Esakki, anayesimamia mashine ya kuonyeshea picha, akataka kuwatoa, dada akamzuia, akasimama mbele wakati wa mapumziko, akawaambia, "Wanangu, chekeni mtakavyo. Lakini atakayeondoka kabla ya mwisho nitamfuata mpaka kituo cha basi." Mmoja akamjibu, "Bibi, utatuweza kwa mbio?" naye akasema, "Niliwahi kukimbia kwenye sinema, mwanangu, wewe umewahi?" Walibaki. Wakarudi na wenzao. Alishusha bei, akarudisha kashata za karanga za hapa kwetu badala ya bisi, akaruhusu maneno maarufu yarudiwe kwa sauti na ukumbi mzima, na miaka miwili baadaye kulikuwa na vijana waliozijua filamu za babu zao kuliko babu zao.

Wanawe walitaka jumba ligeuzwe ukumbi wa harusi, nami siwalaumu, kila mwenye jumba wilayani alikuwa amefanya hivyo. Dada aliwaambia, "Nipeni mpaka irudi. Ikirudi na wasije watu, leteni maharusi."

Mwezi wa Julai 2019 alipigiwa simu kwamba mikanda imeonekana katika stoo ya jumba lililofungwa huko Penang, akaenda mwenyewe akiwa na miaka sabini na moja, hajawahi kupanda ndege, akaikuta inanuka siki kama achari iliyoharibika, na mkanda wa tisa, ndio wa mvua, umegandana kama sukari guru. Mafundi wa Chennai waliushughulikia polepole, ukaja ugonjwa wa korona kazi ikasimama, ikaendelea, na mwaka jana walimwita wakamweleza kwamba mvua imeokolewa isipokuwa kipande cha katikati, ambapo picha imekwisha kabisa na imebaki sauti, basi wao wanashauri kipande hicho kikatwe, ili watazamaji wa leo wasidhani mashine imeharibika. Dada akasema, "Msikate. Acheni giza na sauti. Watu wetu wamezoea kukatikiwa umeme." Fundi akamwambia, "Mama, vijana watapiga miluzi." Akamjibu, "Waache wapige. Waliomo humo watu wangu, siwakati." Kazi ilikamilika mwezi wa Juni mwaka huu, na onyesho la kwanza likapangwa Ijumaa hii, tarehe 13 Septemba 2024.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa tatizo la figo mwezi wa Februari 2022, akawa anasafishwa damu hospitalini Tirunelveli mara mbili kwa wiki, na hakuacha kazi, alipanga mabango akiwa ameunganishwa kwenye mashine, na Pushpam alipomwambia, "Amma, pumzika kidogo," alimwambia, "Napumzika, si nimelala? Hebu ongeza ukubwa wa herufi." Alizidiwa tarehe 5 Septemba, akaniita kitandani, akaniambia, "Nikifa kabla ya Ijumaa, mfungue sinema." Nikamwambia, "Dada, usiseme hivyo." Akasema, "Nasema. Wewe ndiye mjomba wa wanangu, bila wewe hawataamua. Uliwahi kufungua stoo yangu bila kuulizwa, sasa nakuomba ufungue mlango wa mbele." Alifariki jana Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Jana jioni uani kwake tulikaa juu ya neno hilo, na wote mnajua desturi yetu, kwamba nyumba yenye msiba haifungui biashara mpaka ibada ya siku ya kumi na sita, sembuse sinema. Mzee mwenzangu Devasagayam, ambaye ni rafiki yangu na amekubali nimtaje, alisema, "Samadhanam, maiti haijazikwa na wewe unakata tiketi? Watu watasema unatajirika kwa machozi ya msiba." Esakki akasema akiwa amesimama mlangoni kwamba tukisogeza tarehe hatupati nyingine, kwa kuwa kuanzia wiki inayofuata filamu kubwa mpya zimeshachukua siku zote mpaka sikukuu ya taa, na Jeyaseelan, aliyekuwa ametua asubuhi hiyo kutoka Muscat, akasema, "Mjomba, mimi nitafanya utakalosema," kisha akainamisha kichwa. Nikaomba. Nikakumbuka kwamba mara ya kwanza nilipoamua jambo la filamu hii sikumuuliza mtu, na nilikuwa na hakika kabisa, basi safari hii nimewasikiliza wote, sina hakika hata kidogo, lakini nimeamua, na lawama ni yangu mimi mjomba mtu, isiwe ya watoto. Ponmalar itafunguliwa Ijumaa. Devasagayam akaniuliza, "Mama yangu yumo?" nikamwambia sijui, mimi nilikuwa na surua, akasema, "Alikuwa anasema yumo."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Tirunelveli waliomvumilia mgonjwa aliyewabandikia mabango ukutani, majirani wa mtaa wake mliopika tangu jana bila kupokezana, mafundi wa Chennai waliosafiri usiku kucha na wako hapa nyuma, wafanyakazi wa Ponmalar, Esakki akiwa wa kwanza, mchungaji aliyeniruhusu kusoma haya bila kuyaona kwanza, na wale vijana wa chuo waliobeba jeneza, ambao hatuna undugu nao isipokuwa kwa picha.

Dada, umefanya kazi yako mpaka mwisho, lala sasa mikononi mwa Bwana, tuliobaki tutashika milango.

Nanyi ndugu zangu, ninachowaomba ni hiki. Ijumaa saa kumi na mbili jioni njooni Ponmalar, njooni hata ninyi ambao kama mimi hamjaingia sinema tangu mwokoke, na waleteni wajukuu. Magari ya zimamoto yakianza kumwaga mvua, mtawaona watu wetu wanakimbia, kisha picha itapotea, mtabaki gizani mkisikia wanavyocheka, kisha watarudi. Ukimwona mtu wako, au ukiijua sauti yake, usinyamaze, mtaje jina lake kwa nguvu, wale watoto walio nyuma wasikie.