Theluthi Yangu ni ya Vyumba vya Nyuma

Ingieni wote, wanangu, na mfunge huo mlango. Jeylani, kaa karibu na miguu yangu. Keynan, chukua hiyo stuli. Hamda, wewe keti hapa chini nikushike mkono. Mimi Asho, mama yenu, niko na akili zangu timamu, na kwa jina la Mungu nataka kusema maneno yangu ya mwisho ndani ya hiki chumba cha wapangaji, saa hii ya mchana jua likiwa kichwani. Najua mmeshangaa. Nyumba ya mawe iko hapo mbele, na kitanda changu kiko ndani yake, lakini Selpha, mpangaji wetu wa hiki chumba, amenikopesha godoro lake akaenda na mtoto kwa jirani, ili nyinyi mkae kidogo mahali anapokaa yeye. Sikilizeni basi, na jasho likitoka, liacheni litoke.

Marehemu baba yenu Siyad alitutoa Garissa akatuleta Kitengela kwa sababu ya ng'ombe. Wamaasai wa Kajiado walimpenda. Wakimsalimia kwa Kimaasai, supa, anajibu ipa, na bei inaanza kuzungumzwa kabla chai haijapoa. Kisha mkauona wenyewe ule ukame, mvua ikikataa msimu baada ya msimu, ng'ombe wakilala kando ya barabara ya Namanga na wasiamke tena. Baba yenu hakulia mbele ya watu, lakini mimi nilimwona. Kile kidogo kilichobaki akajengea hivi vyumba haraka haraka, mabati juu, mabati kando, dirisha dogo upande wa jua la jioni, na kodi yake ndiyo imetulisha mpaka leo. Simlaumu. Alikuwa mtu aliyechoka.

Sasa angalieni juu. Hakuna dari. Mnayasikia mabati yakilia? Ni joto linayanyoosha. Feni ya Selpha inazunguka mchana kutwa ikisukuma hewa moto kutoka huku kwenda kule, tokeni za stima zinaisha, na mtoto wake Beverlyne bado ana vipele shingoni. Mwezi wa saba ukifika, baridi inaingia hapa ndani na Wanjala, mume wake, anawasha makaa na kufunga dirisha, nami nakosa usingizi nikifikiria ule moshi. Mjukuu wangu Najah amenieleza vile wanafundishwa shuleni, kwamba moshi wa dunia nzima, wa magari na viwanda na mafuta yanayochomwa kupata stima, pamoja na miti tunayokata kupata makaa, ndio unaongeza hili joto na kuvuruga mvua. Nikamuuliza, hata sisi? Akasema, ayeeyo, nyanya yangu, sisi ni kidogo, lakini tuko ndani. Hayo maneno yamenikaa. Joto lilitumalizia ng'ombe, nasi tukajenga joto tukalikodisha kwa watoto wa wengine.

Na wewe Jeylani, kwa mapenzi yako, ukaniletea ile mashine ya baridi ukaifunga ukutani juu ya kichwa changu. Keynan akasema ni upuzi, afadhali sola. Mkarushiana maneno mbele ya mgonjwa, na tangu Idi hamjasalimiana, mnapitana kwa koridoo kila mmoja akiangalia simu yake. Nyote mlikuwa mnanitafutia raha, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba inashika joto. Mama yangu hakuwa na stima. Alikuwa na aqal, ile nyumba yetu ya kuhama, miti iliyopindwa ikafunikwa mikeka aliyoisuka mwenyewe, tabaka juu ya tabaka; jua likihama anainua mkeka wa upande huu na kushusha wa ule, na sisi watoto tunalala ndani mchana wote. Nilipoolewa alinisukia mikeka ya kwangu. Hamda, najua umeitafuta hiyo mikeka kwa stoo wiki nzima na umeogopa kuniuliza. Ngoja kwanza.

Mali mtagawana vile dini inasema, na mimi siongezi neno. Lakini theluthi moja Mungu ameniachia niielekeze mwenyewe, na haiendi kwa mrithi. Theluthi yangu ni ya hivi vyumba. Kila chumba kiwekwe dari, mabati yapakwe rangi nyeupe, matundu ya hewa yatobolewe juu ukutani, mbele na nyuma, joto lipate pa kutokea. Dirisha la magharibi lipate kivuli, na kila jiko litoke nje kwenye baraza, liwe lile lenye udongo ndani linalokula makaa kidogo. Keynan, sola yako weka, lakini baada ya dari. Jeylani, ile mashine irudishe dukani, na usinune. Yule mtu wa maghorofa ya vioo anayewapigia simu akitaka kununua hiki kiwanja, mwambieni mama alikataa. Na kodi isipandishwe kwa sababu ya dari. Mkiipandisha nitawasumbua usingizini, mnanijua.

Sasa nibebeni mpaka chumba cha mwisho. Hapana, Hamda, usiite wapangaji. Jeylani ashike godoro upande wa kichwa, Keynan upande wa miguu. Mmoja hawezi peke yake, mmeona? Semezaneni basi, mtaniangusha. Haya, inueni. Polepole hapo kizingitini. Mwambie ndugu yako kuna ngazi, Keynan. Mwambie kwa mdomo.

Niwekeni hapa. Ngojeni nipumue.

Mnasikia? Jua ni lile lile na mabati ni yale yale. Jeylani, umeacha kujifuta uso. Fundi Irungu alimaliza dari ya hiki chumba juzi mkiwa kazini. Hamda, angalia juu, mama. Hapo juu ya zile mbao imelala mikeka yangu yote. Usilie. Stoo ingeliwa na panya. Ilisukwa ili watu walale, na watu watalala.

Nikiondoka, nizikeni siku hiyo hiyo karibu na baba yenu, sanda ya kawaida, bila hema kubwa. Maji ya kuniosha yatoke kwa lile tangi jeusi, jua litakuwa limeyapasha, msiniwashie moto. Selpha ahamie chumba hiki nikimaliza nacho. Na msinirudishe kule mbele.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape kivuli, nyinyi na watoto wenu, na wapangaji wenu. Nimewaridhia, wote watatu. Sauti inaisha... Fungueni hilo dirisha, hewa ipite.

Mmeinuka wote wawili?

Haya. Fungueni pamoja.