Kichaka Tulichomfyekea Mgeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, na wote ulioandamana nao, mchungaji aliyetufungulia kwa maombi, mwenyekiti wetu Mzee Ngari, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mlioketi juani: hamjambo.

KUKUKARIBISHA

Sisi wazazi wa Kambi ya Watoto ya Bondeni, hapa karibu na Kanja, tunakukaribisha. Mwezi wa nne tulikungoja ukasema mvua ni nyingi. Leo umefika, na chai umekunywa. Asante kwa kutukumbuka.

Risala hii ilikuwa isomwe na Mwalimu Ednah Kanini, mratibu wa kambi, kwa sababu kambi ni yake, sisi ni wenye watoto tu. Tulipompelekea karatasi hakuishika. Alisema, "Someni nyinyi. Nyinyi ndio mnajua kuongea na wakubwa." Kwa hivyo nasoma mimi Ruguru, katibu wa kamati, kwa niaba ya wote. Ukisikia sauti inatetemeka, si woga.

KAMBI ILIVYOANZA

Mheshimiwa, huku kwetu watu ni wa majani chai na kahawa. Shule zikifungwa, kazi haifungwi. Mtoto wa miaka minne huwezi kumbeba shambani mvua ikinyesha, na nyanya zake wengine ni wagonjwa. Basi tulikuwa tunawawekea uji kwa chupa, tunafunga mlango na kufuli, tunaenda kuchuma majani. Hatuoni fahari kuyasema haya mbele ya watu.

Mwalimu Ednah alikuwa anafundisha chekechea. Likizo moja ya Agosti alipita kwa jirani yetu Gachoki akasikia kidirishani, "Mwalimu, tufungulie!" Walikuwa wawili, wamepandia kitanda, nyuso zimebanwa kwenye vyuma. Hakuwa na ufunguo. Alikaa chini ya dirisha lile akawasimulia hadithi mpaka mama yao akarudi jioni, na kesho yake akapita nyumba kwa nyumba. "Nipeni hao watoto," alituambia. "Nitashinda nao kwa kile kichaka cha bondeni, kando ya kijito. Jioni mtawachukua."

Tulimcheka, haki. Mzee Ngari alimwuliza, "Kwani matope haiko kwangu, mpaka mjukuu wangu aende kufundishwa matope?" Lakini tukawatoa, kwa sababu kufuli ilikuwa inatuuma roho. Mwalimu akapanga watoto vikundi, akatafuta vijana wawili wa kumsaidia, akatupangia zamu za kuleta githeri ya mchana. Alipiga marufuku vitu viwili tu: simu, na kumwambia mtoto "utachafuka".

TULIYOYAONA YAKIFANYIKA

Hapo bondeni palikuwa na gogo la mti wa muringa lililoanguka zamani, limejaa uyoga na wadudu. Palikuwa na dimbwi la vyura. Palikuwa na kichaka kizito ambamo ndege walifuma viota. Sisi tulikuwa tunaona pori. Watoto walikuwa wanaona vyumba. Wanjugu, ambaye hajafika miaka sita, anaweza kukuonyesha kiota chenye mayai na kisicho na mayai bila kukigusa. Vinyonga, ambao sisi tuliwapiga mawe tangu utoto, watoto hawa wanawabeba mkononi. Mzee Ngari alirushiwa kinyonga begani na mjukuu wake akapiga nduru mpaka majirani wakatoka na rungu. Leo ni mwenyekiti wetu, na bado anaangalia bega.

Hapa niruhusuni niache "sisi" kidogo. Mwanangu Mugendi alifika miaka mitano hajatamka neno. Nimezunguka naye hospitali, nimezunguka naye maombi. Mwalimu Ednah hakumlazimisha. Alimwacha achuchumae kwenye lile dimbwi, siku baada ya siku, na yeye akachuchumaa kando yake. Jioni moja nilipoenda kumchukua alinivuta gauni, akaonyesha majini, akasema, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Chura." Nilikaa chini kwenye matope na nguo zangu za kwenda sokoni. Mwalimu aliniangalia tu akasema, "Mama Mugendi, usilie kwa nguvu. Utamfukuza huyo chura."

CHANGAMOTO

Ardhi hii ni ya umma. Mwalimu Ednah aliiandikia ofisi yako mara nyingi akiomba kambi iachiwe kichaka hiki rasmi. Mwishowe likaja jibu kwamba utakuja mwenyewe, ujionee watoto wanavyojifunza kwa mazingira, ndipo uamue. Siku hiyo aliimba kutoka barabarani mpaka kwake.

Wiki iliyopita vijana wawili wa ofisi yako walikuja kupima. Mwalimu hakuwepo, alikuwa amempeleka mamake hospitali Embu mjini. Vijana wakaangalia huku na huku. "Hema itakaa wapi?" mmoja akauliza. "Na gari ya Mheshimiwa itageukia wapi? Kwa hii maji? Hapa pasafishwe." Wakaondoka. Hawakusema kata. Hawakusema fukia. Lakini sisi tunajua mgeni anapokelewa namna gani.

Mheshimiwa, tulijitolea kwa moyo wote. Hata wale ambao hawatokei mikutanoni walikuja na panga zao. Tulifyeka kichaka mpaka ardhi ikaonekana. Gogo tulilipasua kuni za kupikia chai hii. Kivuti, mzazi mwenzetu, alileta mashine akanyunyiza dawa ya magugu ukingoni mwa kijito. Dimbwi tulilijaza maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, matoroli kwa matoroli, mimi nikiwa na koleo. Ndiyo, mimi. Tukapaka mawe chokaa, na ile miti michache iliyobaki tukaipaka chokaa mpaka kiunoni. Jioni tulisimama pale tukapeana mikono. Tulisema, Mwalimu akirudi atafurahi sana.

Alirudi kesho yake asubuhi akiwa bado na viatu alivyoendea hospitali. Alifikiri amekosea njia. Alirudi nyuma hadi kwenye kona, akaangalia, akaja tena. Mzee Ngari alimwendea akicheka, "Mwalimu, umeona vile tumekupendezeshea?" Alimpita. Alitembea mpaka palipokuwa na dimbwi akasimama juu ya maramu, akaikwaruza kwa kiatu. Kisha watoto wakafika. Wanjugu akamshika mkono, akauliza, "Mwalimu, vyura wamehamia kwa nani?" Ednah akainama, akamfunga vifungo vya sweta. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la mtoto. Mugendi wangu alichuchumaa kwenye maramu, akangoja mpaka mchana. Tangu siku hiyo hajasema lile neno, wala lingine.

TULIYOYAONGEZA UKINYWA CHAI

Sehemu hii haikuwepo. Katika karatasi ya kwanza, hapa tulikuwa tumekuomba viti, tangi la maji na sare za watoto. Tumevifuta vyote.

Uliposhuka garini ulizunguka na macho, ukamwuliza mwenyekiti, "Sasa hicho kichaka cha watoto kiko wapi?" Mzee Ngari akasema, "Ni hapa, Mheshimiwa. Tumekusafishia." Ukaitikia kwa kichwa. Halafu ukasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kumbe ni kiwanja kizuri kimekaa bure! Hapa tutawajengea soko." Na sisi, Mheshimiwa, tulipiga makofi. Tulipiga kwa mazoea, mikono ilienda kabla ya kichwa. Wamama walipiga vigelegele. Tulipogeuka tukamwona Mwalimu Ednah anawaokota watoto wadogo mmoja mmoja, anawatoa hemani.

Hatukulaumu wewe peke yako. Ulionyeshwa kiwanja, ukaona kiwanja. Lakini hukuuliza swali la pili, na sisi hatukusema neno la pili. Yule aliyekuwa na la kusema hukuambiwa jina lake.

MAOMBI YETU

Tuna ombi moja. Tuachie mahali hapa palivyo, na ubaya wake wote. Usitujengee soko; soko tunalo Kanja. Usitume trekta, usitume miche ya kupanda mbele ya kamera, usitume vijana wa kupima. Vijana wetu wenye nguvu watatoa maramu, na kazi hiyo tutaifanya bila mgeni. Mwalimu amesimamisha kambi, na amesema kichaka kikirudi atarudi. Hakusema lini. Muringa hauoti kwa kuhimizwa.

Na tafadhali, Mheshimiwa, usirudi. Hatusemi kwa dharau. Sisi tunajijua: tukisikia unakuja tutashika panga tena, hatutajizuia. Hata tukikualika wenyewe, tukikuandikia barua nzuri na kukuchinjia mbuzi, kataa. Sema una mkutano.

Jumatatu shule bado zimefungwa, na majani chai hayangoji. Gachoki amenunua kufuli mpya. Wengine tutatumia zile za zamani.

KUKUAGA

Mungu akujalie afya, azidishe kazi ya mikono yako, akufikishe nyumbani salama na akuweke huko kwa amani miaka mingi.

Ukitoka utapita karibu na mwanamke mwenye gambuti, vile viatu vya mvua, aliyeketi nyasini na watoto, ng'ambo ya kijito. Huyo ndiye Mwalimu Ednah Kanini. Wapiga picha wako watataka umpe mkono. Tunakusihi umpite tu. Sisi tumekuwa tukimsalimia tangu siku ile, na hajaitikia salamu hata moja.

Ni sisi wako,
Wazazi wa Kambi ya Watoto ya Bondeni, Kanja.