Muganga Alipokosa wa Kumuuguza

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Padri amesema niongee kidogo tu, ila mnatujua sisi tuliokulia Bujumbura, kwa hiyo aliyeacha chungu jikoni anisamehe mapema.

Wengi hapa mnaniita Muganga, kama mnavyomwita kila anayetibu watu. Mimi ni muuguzi. Nilisomea Bujumbura, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na nilipohamia Kigali nikafanya mtihani upya kabla ya kupewa leseni. Baadaye nikafungua kile kituo cha vyumba viwili kule Batsinda. Mwanzoni watu walikuwa wanajilipia wenyewe, kwa hiyo walikuja wachache, nami nashinda nikitazama barabara. Siku nilipokubaliwa kupokea wagonjwa wa mituweli, ile bima ya afya ya wananchi wote, nikabandika tangazo mlangoni, na kesho yake benchi halikutosha. Watoto wenye homa, wazee wa presha, mafundi ujenzi waliojikata mikono, wote walikuja.

Nawaambia ukweli, hapo ndipo upweke wangu ulipoanza. Mtaa mzima ulinisalimia. "Mwaramutse, Muganga." "Muganga, mtoto amepona." Nilijua nani ana kisukari, na nani ana mimba ambayo mama mkwe hajaambiwa. Lakini hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwangu, wala aliyejua jina langu. Nikifunga kazi narudi, nawasha redio ili kuwe na sauti ndani, nakula nimesimama kando ya jiko. Wazazi wangu walishafariki, sikuolewa, na kaka yangu mmoja tu yuko Bujumbura, na siku hizi mpaka umefungwa, njia haipitiki hivi hivi. Jumapili nilikuwa naiogopa, maana kituo kinafungwa. Chekeni tu, lakini kuna Jumapili nilimwomba Mungu mtu aumwe, hata mafua.

Basi ukaja msimu wa mvua. Nilikuwa nashuka kwenda kazini, nikateleza kwenye ngazi za udongo, mguu ukavunjika. Motari mmoja akasimamisha pikipiki yake, akaita ambulansi. Nikafikishwa hospitali, nikapasuliwa, nikawekewa chuma. Mituweli yangu mwenyewe ilipokelewa bila tatizo, hilo lazima niliseme. Shida ilianza nilipozinduka. Mnajua hospitali zetu zilivyo. Dawa ni kazi ya nesi, lakini uji, maji ya kuoga, kukushika mkono ufike chooni, hiyo ni kazi ya umurwaza, yule ndugu anayekaa na mgonjwa.

Nesi wa wodi, msichana mpole, akaniuliza, "Umurwaza wako iko wapi?"

Swali hilo nimewauliza wagonjwa maisha yangu yote. Nikamjibu anakuja. Kesho yake nikasema yuko njiani. Baadaye hakuuliza tena, na hapo ndipo nilipolia. Watu wa kitanda cha jirani walipomletea mgonjwa wao viazi, wakanimegea na mimi, nikala nimegeukia ukuta. Nikajiambia, wale wa Batsinda walikuwa wanaipenda mituweli, mimi si kitu kwao. Nikakata shauri kwamba mguu ukipona, kituo nakifunga, naondoka, hata kama sijui naenda wapi.

Alasiri moja akaingia bibi mmoja, mgonjwa wangu wa presha, na chupa ya uji ameifunga kwenye kitenge. Alikuwa ameenda kuchukua dawa zake kituoni, akakuta kufuli tena. Akatazama kando ya kitanda changu, kushoto na kulia.

"Muganga, iko nani hapa na wewe?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna namna gani? Sisi kule tulisema, Muganga amelala kwa waganga wenzake, atakosa nini? Tuliona haya kuja kukusumbua."

Ndugu zangu, ni hilo tu. Mtaa mzima ulikuwa unaniheshimu, nami huku nalia kwamba nimesahauliwa.

Bibi akavua viatu, akatandika mkeka kando ya kitanda. Nesi akaja kumwandikisha kama umurwaza, akamuuliza jina la mgonjwa wake. Bibi akanitazama. "Ni Muganga," akasema, na wodi yote ikacheka. Akaniinamia, akauliza taratibu, "Mwanangu, wanakuita nani?" Nikamwambia.

Alikaa na mimi mpaka nikaruhusiwa. Habari ikafika Batsinda, na wengine wakaanza kuja kwa zamu. Mguu ulipopona, nikarudi kituoni, sikukifunga.

Nawashukuru wote hao, na watu wa vile viazi, na yule nesi aliyejua kunyamaza. Mituweli lipeni, tena mapema, hapo naongea kama muuguzi. Ila kadi haikuogeshi. Kama mtaani kwenu kuna mtu anayehitajiwa na kila mmoja, awe mwalimu, awe katekista, hata Padri wetu huyu, msidhani ana watu. Kapigeni hodi. Na wewe unayehitajiwa na wote, sema kwamba uko peke yako. Mimi sikuwahi kusema.

Bibi mwenyewe hayupo leo. Amelazwa, presha ilipanda, lakini anaendelea vizuri. Nikitoka hapa narudi kwake, uji wake huu hapa chini ya benchi. Juzi nesi alipita akiuliza umurwaza wake ni nani. Kabla sijafungua mdomo, bibi akataja majina yangu yote mawili.